Upasuaji wa Pili

Nchi yetu iko pale ambapo ramani hukunjwa, kwa hiyo wageni wengi hawaioni vizuri. Lakini ipo. Ina bendera, ina wimbo, ina viwanja viwili vya ndege, na ina Chama cha Taifa cha Wapasuaji wa Uti wa Mgongo. Nchi kubwa nazo zina vyama vya namna hiyo, ila huko, nasikia, daktari huheshimiwa kwa idadi ya wagonjwa aliowapasua, jambo ambalo humchosha sana na kumnyima muda wa mikutano. Sisi tulipata njia bora.

Miaka ishirini na mitano iliyopita, saa nne asubuhi, katika Hospitali Kuu, ulifanyika upasuaji wa kwanza wa uti wa mgongo katika historia ya taifa. Hadi mwaka huu haukuwa umefanyika mwingine, lakini hilo Chama hakikupenda lisemwe kwa sauti. Siku iliyofuata waliokuwemo chumbani walikutana wakaanzisha Chama, na kwa kuwa hawakutaka ugomvi wa vyeo unaosumbua vyama vingine, waliandika hivi katika Ibara ya Nne ya Katiba yao: "Cheo cha mwanachama ni mahali aliposimama."

Aliyeshika kisu akawa Kisu, yaani Mwenyekiti. Umeme ulikatika dakika ya sita, kwa hiyo aliyeshika taa akawa Taa, yaani Katibu Mkuu. Aliyeshika beseni akawa Beseni. Waliopitisha pamba wakawa Pamba wa Kwanza hadi wa Saba, na waliochungulia wakawa Mlango. Madaktari waliokuja baadaye, wale waliosomea kazi hiyo ng'ambo, walipangwa korido, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akisubiri wa mbele yake afe. Hadi leo ukipita hospitalini utasikia salamu zao.

"Shikamoo, Beseni."

"Marahaba, Mlango. Kwema huko nje?"

Kila mwaka, tarehe ile ile, wanachama huizunguka meza tupu, kila mtu mahali pake, na kusimama kimya dakika kumi. Sherehe hiyo huitwa Kusimama. Asiyesimama hupoteza cheo.

Nilipoajiriwa niliuliza, kwa ugeni wangu, kwa nini hapakufanyika upasuaji mwingine. Katibu Mkuu, Dkt. Bakiri Tengeza, mtu mpole anayeongea kama anayembembeleza mtoto alale, alinikalisha kitini.

"Kijana, huo mwingine ukifanyika, kuna watu watakuwa wamesimama, si ndiyo?"

"Ndiyo, Taa."

"Wamesimama wapi?"

"Mezani, Taa."

"Na kesho yake watakuja kutuambia kwamba nao wamesimama. Sasa nchi ndogo kama hii iwe na Kisu wawili? Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapo hatujagusa habari ya Beseni."

Nililiandika hilo kwenye daftari langu na kulipigia mstari. Nilikuwa na shahada ya historia niliyoipata miezi miwili kabla, na niliona fahari kufanya kazi mahali ambapo kila mtu anajua amesimama wapi.

*

Kazi yangu ilikuwa kuandika kitabu cha Jubilei: historia ya Chama na nafasi yake katika taifa. Mwenyekiti mwenyewe, Profesa Donasiani Mfungahema, alinikabidhi kalamu mbele ya wapiga picha.

"Taifa lisilo na historia," alisema, "ni sawa na mgonjwa asiye na..." Akatafuta neno. Akatazama dari. "Asiye na..."

"Faili," akasema Taa.

"Faili!" Watu wakapiga makofi.

Niliwahoji wanachama wote arobaini na mmoja. Wote, pamoja na wale waliokuwa shule ya msingi wakati ule, walikumbuka vizuri mahali walipokuwa wamesimama, au mahali aliposimama mtu waliyemrithi. Nilikipima chumba chenyewe: hatua nne kwa tano. Nikachora ramani. Kwa ushahidi nilioupokea, upande wa kichwani peke yake palikuwa na watu kumi na tisa, na nilipowapanga wote kwa haki, nikakosa mahali pa kuweka meza. Nilipeleka tatizo hilo kwa Taa. Alilitafakari kwa makini, akanishauri niwachore wakiwa wembamba.

Ilibaki habari moja ndogo. Nilimwendea Beseni, mzee mwenye kumbukumbu kali, nikamuuliza jina la mgonjwa.

"Nani?"

"Yule aliyepasuliwa."

"Aa, huyo." Akafikiri. "Alikuwa amelala."

"Alipona, mzee? Alitembea?"

"Mimi niliona mguu wake mmoja. Mguu mzuri tu, hauna neno. Lakini umeuliza habari za beseni? Lilikuwa la bati, lenye maua mekundu pembeni. Andika hilo. Pamba wanasema lilikuwa la buluu, na ni waongo."

Beseni lenyewe limo katika kabati la kioo. Taa pia imo. Faili la mgonjwa halijapatikana.

*

Chama kilikuwa kinajijengea makao mapya, ng'ambo ya barabara kutoka hospitalini: Jumba la Kusimama, ghorofa nne. Kazi ya plasta ya nje ilikuwa ya Fundi Rozina Makwega, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, ambaye mafundi wenzake walisema anaweza kunyoosha ukuta kwa jicho kabla wao hawajapata kamba ya kupimia.

Asubuhi ya Jumatatu, wiki tano kabla ya Jubilei, Kamati ya Mapambo ilihitaji kamba za kutundikia bango la "KARIBUNI". Ikazifungua mbili zilizokuwa karibu. Zilikuwa zimeshikilia mirunda ya jukwaa alilosimama Rozina, ghorofa ya tatu.

Bango lilipendeza. Rozina alivushwa barabara juu ya mlango uliong'olewa kwenye kibanda cha mlinzi.

Chama kilinituma nimpelekee kadi ya pole pamoja na kijitabu chetu, *Mgongo Wako na Wewe*, ambacho ukurasa wake wa kwanza unashauri: "Epuka kuanguka." Nilimkuta wodini amelala chali, mchanga wa plasta ungali kwenye nywele zake. Mama yake, Bibi Filomena, alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Miguuni alisimama Dkt. Shangwe Luvanda.

Daktari huyo mwanamke ndiye aliyekuwa wa mwisho kabisa korido. Alikuwa amerudi miezi minane iliyopita baada ya miaka sita ng'ambo, ambako, kwa kufuata desturi za watu wa huko, alikuwa amepasua migongo mia mbili na kumi. Tangu arudi alikuwa amehudhuria semina nne za mkao bora wa vitini.

"Fundi, cheza vidole," alisema.

Mguu wa kulia vilicheza vidole viwili. Wa kushoto vilicheza vitatu. Vitano kwa jumla. Nilivihesabu, na kuanzia siku ile nikawa navihesabu kila nilipokuja.

"Vizuri. Sikiliza, dada yangu. Pingili moja imepasuka, kipande kimeingia ndani, kinabana mishipa inayoendesha miguu. Mishipa haijakatika, ndiyo maana vidole vinacheza. Nikikitoa hicho kipande wiki hii, kuna matumaini makubwa utatembea. Tukikiacha kiendelee kubana, vitazima kimoja kimoja. Sitakudanganya."

"Wiki hii," alisema Rozina. "Kwenu hapa wiki ina siku ngapi?"

"Una mdomo wewe!" alisema mama yake. "Daktari, msamehe. Huyu alizaliwa akimsahihisha mkunga."

"Mama, mimi nauliza tu. Mwenye nyumba akiniambia 'wiki hii', huwa najua ni mwezi wa sita."

Dkt. Luvanda hakucheka. Alikuwa amekwisha kuomba kibali cha kupasua, na alikuwa na jibu mfukoni. Lilisema ombi lake limepokelewa na Mlango, ambao wangelifikisha kwa Pamba wa Saba pindi atakaporudi kutoka kwenye kongamano la mito ya kulalia.

*

Nilirudi kesho yake na machungwa, nikarudi na keshokutwa. Nilimpenda Rozina kama mtu anavyompenda dada mkubwa mwenye maneno makali. Alinifundisha kutambua plasta mbovu kwa kuigonga na pete. Ya wodini ilikuwa mbovu yote.

"Gonga pale dirishani," aliniambia. "Umesikia? Tupu. Siku moja itamwangukia mtu, ataletwa hapa hapa chini yake. Hamna hata nauli."

Jumatano Bibi Filomena alinivuta kando, karibu na ndoo za maji.

"Mwanangu, wewe umekuwa mtu wa nyumbani, nitakwambia. Ni kesho. Daktari atamwingiza kesho asubuhi, kile chumba kidogo cha kupasulia majipu. Kwenye daftari ameandika jipu. Wamekubaliana, yeye na manesi wawili na yule wa dawa ya usingizi. Usimwambie mtu."

"Siwezi kusema, mama."

"Najua. Una uso wa mtu aliyelelewa."

Nilitoka pale kwa furaha, lakini nilipofika ofisini furaha ikaanza kuniuma. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na niliamini kwamba jema likipitishwa mlango wa nyuma huingia na tope. Kwa nini mtu apone kwa jina la jipu? Tena nilikuwa na kitu mkononi. Katika kuandika historia nilikuwa nimeipata Ibara ya Kumi na Tisa, ambayo hakuna aliyeikumbuka: "Endapo uhai au viungo vya raia viko hatarini, Chama kinaweza kufanya Upasuaji wa Pili, mradi kila mwanachama awe amesimama mahali pake."

Ilikuwa halali! Ilikuwa imeandikwa! Nilipanda ngazi mbili mbili hadi kwa Taa.

Aliisoma ibara polepole, akavua miwani. "Hili ni jambo kubwa, kijana. Tutaliweka kwenye ajenda ya robo ijayo."

"Hapana, Taa, haiwezi kusubiri. Kama tukiamua leo, Dkt. Luvanda hatalazimika kuandika jipu kesho."

Nilisema hivyo kama mtu anayetoa habari njema.

"Jipu," alisema Taa, kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Kesho. Chumba gani?"

Nikamwambia na chumba.

Nusu saa baadaye chumba cha majipu kilipigwa kufuli. Karatasi mlangoni ilisema kimefungwa kwa ajili ya ukaguzi wa majipu.

*

Mkutano wa dharura ulifanyika Ijumaa. Wanachama walikaa kwa kufuata vyeo, na Dkt. Luvanda aliketi kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi, kwa sababu Katiba ni Katiba.

"Ndugu wanachama," alisema Profesa Mfungahema, "kijana wetu huyu, kwa bidii yake ya kusoma, ametufungulia ukurasa mpya. Kwa muda mrefu maadui wa Chama wamesema hatupasui. Sasa tutapasua! Tutapasua siku ya Jubilei, mbele ya Waziri, sote arobaini na mmoja, kila mtu mahali pake!"

Watu walishangilia. Nami nilishangilia, nikitokwa na machozi, mpaka nilipohesabu. Jubilei ilikuwa bado mwezi mzima.

"Profesa," ilisikika sauti ya Dkt. Luvanda kutoka nje, "mwezi ni mrefu mno. Na wewe mara ya mwisho ulishika kisu lini?"

Hakuna aliyegeuza shingo. Si kwamba hawakusikia. Maneno ya korido hayana budi kupanda kwa ngazi. Yule wa mbele yake alimwambia wa mbele yake, naye akamwambia Mlango, Mlango akamwinamia Pamba. Kila aliyepokea aliona maneno yana ukali kidogo, akayapunguza makali kwa heshima ya yule anayempelekea. Yalipomfikia Beseni, alisimama na kumtangazia Mwenyekiti:

"Dkt. Luvanda anakutakia afya njema, na anaulizia habari za kisu."

"Kisu kipo," alisema Profesa kwa ukunjufu. "Mwambieni kipo kwenye kabati la kioo."

Hata hivyo Chama kilikuwa na huruma. Waziri aliombwa asogeze tarehe, naye akakubali kuja baada ya siku kumi na moja, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na uzinduzi wa kisima jirani. Fundi seremala aliitwa kutengeneza meza ambayo watu arobaini na mmoja wangeweza kuizunguka. Ilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili. Haikuingia chumba chochote cha hospitali, kwa hiyo iliamuliwa upasuaji ufanyike katika ukumbi wa Jumba la Kusimama, ambao ukuta wake mmoja ulikuwa na plasta nusu, kwa sababu zinazojulikana.

Dkt. Luvanda alinikuta kwenye ngazi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nani aliwaambia kuhusu Alhamisi?"

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa viatu vipya, vya mshahara wa kwanza.

"Nikimjua," alisema, "nitamwomba aje awe anahesabu vile vidole pamoja nami."

Jumapili vilicheza vinne. Jumatano viwili. Jumamosi kilicheza kimoja, kile kidogo kabisa cha mguu wa kushoto, na Rozina alitoka jasho akikitafuta.

"Kipo," alisema. "Kinanisikia, ila kimekuwa kama mbunge. Mpaka ukiite mara tatu."

*

Siku ilifika. Bendi ya polisi ilipiga. Rozina alilazwa kifudifudi katikati ya meza ya mita kumi na mbili, kama samaki mmoja kwenye sinia ya harusi. Hakulazwa usingizi: mtaalamu wa dawa ya usingizi hakuwa mwanachama, hakuwa na mahali pa kusimama, na hivyo hakuruhusiwa kuingia. Pamba wa Pili alimpiga sindano ya ganzi mgongoni, ya kung'olea meno.

Wanachama walichukua nafasi zao. Kisu kikatolewa kabatini. Taa ikawashwa, ingawa ilikuwa mchana na madirisha yalikuwa wazi. Waziri alihutubia nusu saa kuhusu kisima. Kisha Profesa Mfungahema akahutubia.

"Leo hii, ndugu wananchi, mbele yenu yupo... yupo..."

"Mgonjwa," akasema Taa.

"Mgonjwa wa Pili!"

"Naitwa Rozina," ilisema sauti kutoka mezani. "Jamani, anayekata ni nani? Ni yule mwanamke?"

"Mgonjwa asizungumze," alisema Profesa. "Hana cheo."

Dkt. Luvanda alikuwa mwisho wa korido, nyuma ya bendi. Asubuhi ile alikuwa amemwambia Rozina acheze vidole na hakuona kitu. Alianza kupiga kelele: "Acheni! Mtamuua! Niacheni nimpeleke chumbani sasa hivi, huenda bado ipo nafasi!" Alisukuma, akazuiwa na watu wa itifaki. Maneno yake yakashika ngazi. Niliyaona yakisafiri, sikio kwa sikio, kila mtu akiyafuta vumbi kabla ya kuyapitisha. Pamba wa Kwanza alipomnong'oneza Beseni, Beseni akatabasamu. Akatangaza:

"Kutoka korido: Dkt. Luvanda anasema huu ni wakati muafaka, na anatupongeza."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Profesa aliinama. Alikata ngozi urefu wa kiberiti. Damu ilitoka kidogo, Pamba wakapishana kuifuta kwa kufuata vyeo, Beseni akakinga beseni ambalo halikuingia kitu. Halafu Profesa akashona nyuzi mbili, akainua kisu juu.

"Kimegusa!" alisema.

Ndivyo ulivyofanyika Upasuaji wa Pili. Ulichukua dakika tisa, tatu pungufu ya Upasuaji wa Kwanza, na Waziri aliusifu kwa maendeleo hayo. Picha ilipigwa. Ukiiangalia vizuri, katikati ya makoti meupe, utaona sehemu ya kisigino.

Asubuhi iliyofuata Dkt. Luvanda alivunja kufuli la chumba cha majipu kwa nyundo aliyoazima kwa mafundi wa plasta. Alimwingiza Rozina yeye na manesi wawili na yule wa dawa ya usingizi. Walikaa humo saa tatu u nusu bila hotuba. Kipande cha mfupa kilitoka. Alinionyesha: kilikuwa kidogo kama punje ya hindi.

Vidole havikurudi.

Chama kilimfuta Dkt. Luvanda kwa kusimama mahali ambapo hakupangiwa. Aliondoka mwezi huo huo. Nasikia huko ng'ambo amerudia zile desturi za kupasua watu, na watu wanatembea ovyo.

*

Kitabu kilitoka kwa wakati. Kina kurasa mia mbili na nane, na ramani ya watu wembamba. Sura ya mwisho nilikuwa nimeiandika jinsi nilivyoona mambo kwa macho yangu. Taa aliisoma, akanishika bega, akasema ina hisia nyingi, na ikachapishwa hotuba ya Waziri mahali pake, ile ya kisima.

Wala Chama hakikumsahau Rozina. Kilimpa kiti cha magurudumu chenye jina la Waziri mgongoni. Kilimpa pia heshima ambayo haijawahi kutolewa: alifanywa mwanachama, kwa kuwa naye alikuwepo. Cheo chake kiliandikwa "Meza". Nami nilipandishwa. Korido ilikuwa imebaki nafasi moja ya mwisho, na ingawa si daktari, Chama kiliona nimechangia.

Ikaja siku ya Kusimama. Wanachama waliizunguka meza. Rozina alisukumwa na mama yake hadi mahali pake. Profesa alisema, "Tusimame," na dakika kumi zikapita kimya.

Barua ya kumfuta uanachama ilitoka wiki ile ile. Iliandikwa kwa masikitiko. Ilieleza kwamba Chama kilitafakari kwa kina, lakini Katiba haina upendeleo, na mwanachama yeyote asiyesimama, hata awe nani, hupoteza cheo. Kazi ya kupeleka barua ni ya aliye mwisho korido.

Nilimkuta nyumbani kwake, nyumba ya vyumba viwili aliyokuwa akijijengea kabla hajaanguka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya ukuta, ndoo ya udongo wa saruji ubavuni, mwiko mkononi. Alikuwa anapiga plasta. Alikuwa amekwisha kumaliza kuta tatu. Plasta ilikuwa imepanda kutoka sakafuni hadi mkono wa mtu aliyeketi unapofika, ikaishia hapo kwa mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Juu ya mstari yalikuwa matofali matupu, chumba kizima.

Aliisoma barua kwa sauti, ili mama yake asikie jikoni.

"'Kwa kushindwa kusimama bila taarifa.' Mama! Wanasema bila taarifa! Kumbe ningewaandikia!"

"Waandikie sasa," alisema Bibi Filomena kutoka jikoni. "Waambie ulibanwa na shughuli."

Walicheka wote wawili, kicheko kirefu, na mimi nilisimama pale na bahasha tupu. Rozina akaacha kucheka kabla ya mama yake. Akaikunja barua, akaiweka chini ya ndoo ili isipeperuke.

"Nikuulize kitu. Ile Alhamisi, daktari alikuwa aniingize asubuhi. Vidole vilikuwa vitano. Waliojua ni wale wa chumbani, mimi na mama." Akasafisha mwiko kwa kidole gumba. "Nani aliwaambia?"

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa nimeyatayarisha usiku mwingi kitandani: Ibara ya Kumi na Tisa, mlango wa nyuma, tope. Yalikuwa maelezo mazuri na nilikuwa nimeyapunguza makali.

"Mimi," nikasema.

Jikoni, sufuria ilinyamaza.

"Nilidhani—"

"Sikukuuliza ulidhani nini."

Alinitazama. Kisha akatazama ukuta, kuanzia ule mstari kwenda juu mpaka kwenye kenchi za paa, kama mtu anayepima kazi.

"Vua hivyo viatu," alisema. "Mwiko mwingine uko nyuma ya mlango. Anza pale juu. Mimi sifiki."